Acha Kitambulisho Hapa

Mtoto wa marehemu dada yangu ananiita mama. Tangu tumzike dada, mimi ndiye nimemlea, na mahakama ya watoto ilikuwa imekaribia kunikabidhi malezi yake rasmi. Kisha ofisa wa watoto akaniita ofisini kwake mjini, akafunga mlango.

"Madam, kuna laini ya simu imetumika kutapeli watu, na imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Sasa nitaandikaje kwamba mtoto yuko mikono salama?"

Weuh! Mimi, mwalimu wa chekechea huko Muthangari, niwe tapeli! Nililia mbele yake bila haya. Nilitaka kujua ni nani, na kitambulisho changu alikipata wapi. Lakini Nairobi hii, nani hajaacha kitambulisho mlangoni? Kila jumba la Westlands soja anayelinda mlango anakwambia uache, unaacha, unapewa pasi ya mgeni, unapanda juu. Changu nilikiacha kila mahali nilikokwenda kutafuta kazi. Mtu alikipiga picha, basi.

Ofisa hakuwa mtu mbaya. Aliniambia mimi ndiye niliyeibiwa na nina haki zangu, ila nizifuate mwenyewe kwa miguu. Nikaanza na stesheni ya polisi, niandikishe malalamiko nipewe namba ya OB, ile ya kitabu chao cha matukio. Askari wa dawati akaniuliza kama si mpenzi wangu aliyekuwa na hiyo laini. Mpenzi gani, jamani? Nikaenda kwa wakili kula kiapo kwamba laini si yangu. Kwenye kampuni ya simu niliwataka kwa maandishi waifunge, wanipe barua ya kunisafisha jina. Msichana wa kaunta akasema nitapigiwa. Nikamwambia sheria inanipa haki ya kurekebishiwa rekodi zangu, na siondoki. Kweli sikuondoka, mpaka mkubwa wake akatoka kunisikiliza.

Nyumbani mtoto alikuwa ameanza kuniuliza kama atapelekwa kwa watu wengine. Nilimwambia hapana, nikageuka kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Barua ilitoka siku moja kabla ya kesi. Ilikuwa nikaichukue kwenye ofisi yao kubwa Westlands, na kesho yake asubuhi niingie nayo mahakamani pamoja na kitambulisho changu chenyewe, si kopi. Mlangoni soja akanyoosha mkono.

"ID."

"Nitakuonyesha, uandike, unirudishie. Hauna ruhusa ya kunishikia."

"Mathe, hiyo sheria yako iko huko nje. Hapa bila kuacha ID hupandi."

Watu nyuma yangu wakaanza kunung'unika. Nikampigia simu mama aliyekuwa na barua yangu huko juu, yule yule mkubwa aliyetoka kunisikiliza siku ile, ashuke anitetee. Akasema kwa upole, "Si umwachie tu? Unashuka saa hii." Ofisi ilikuwa inakaribia kufungwa. Nikamwachia. Nikachukua pasi ya mgeni, nikapanda.

Nilishuka nimeikumbatia barua. Furaha ilinizidi hata nikamsalimia yule soja. Akafungua droo, akanipa kadi bila kuniangalia. Nikaitazama: mwanamke wa rika langu, amejifunga kitambaa kichwani, na jina si langu.

"Hii si yangu."

Akapekua. Akaimwaga droo yote mezani, tukatafuta pamoja, yangu haikuwepo. Ndipo akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza.

"Kuna mathe mwingine ametoka saa hii tu," akasema. "Nafikiri nimempatia yako."

Nilitoka mbio barabarani, barua mkono huu, kadi ya yule mwanamke mkono ule, nikimkodolea macho kila mwenye kitambaa kichwani. Nililiita jina lililokuwa kwenye kadi, tena na tena. Watu walinipisha wakidhani nina wazimu, na hakuna aliyegeuka.

Simu ikalia. Ilikuwa namba ya jirani yangu, lakini sauti ilikuwa ya mtoto.

"Mama, kesho watakubali nikae na wewe?"