Pikipiki ya Dokta wa Kuku

Pikipiki ya Evarista Chilongani ilikuwa inalala sebuleni, katikati ya kochi na kabati la vyombo. Kila jioni, kabla jua halijazama, mumewe Filipo aliegemeza ubao kwenye ngazi za mlangoni, wakaisukuma wote wawili mpaka ndani, kisha Evarista akapitisha mnyororo kwenye gurudumu la mbele na kuufunga kwenye nondo ya dirisha. Nyumba nzima ilinuka petroli. Binti yao Ruthu alifanyia kazi zake za shule jikoni, maana sebuleni hapakubaki hata pa kuweka miguu.

Mwanzoni Filipo alikuwa akimtania. "Mama Ruthu, mwisho wake utaifunika na shuka."

Utani ulikoma Jumapili moja, Castory, jirani yao wa bodaboda, alipoibiwa pikipiki yake saa tano asubuhi nje ya kanisa, waumini wakiwa ndani wanaimba. Walipotoka walikuta mnyororo umekatwa vipande viwili vumbini. Wiki mbili baadaye dereva mwingine wa mtaa wao wa Mkonze alikodiwa na abiria aliyevaa vizuri, mwenye mkoba wa kiofisi. Waliomwokota walimkuta kando ya njia, pikipiki haipo, taya limevunjika, hawezi hata kutaja jina lake. Ilikuwa pikipiki ya nne kuondoka mtaani kwao ndani ya miezi miwili.

Evarista hakuwa wa bodaboda. Alikuwa amesomea mifugo ngazi ya cheti, na kazi yake ilikuwa kuwachanja kuku wa watu dhidi ya kideri, ule ugonjwa unaoweza kufagia banda zima kwa siku tatu. Watu walimwita Dokta, naye alishaacha kuwasahihisha. Kwa miaka tisa alifanya kazi hiyo kwa baiskeli, boksi la barafu nyuma, na mara nyingi barafu iliyeyuka kabla hajafika, akageuza na dawa iliyokwisha kuharibika. Ndipo Filipo alipouza zabibu za misimu miwili mfululizo, wakanunua pikipiki nyekundu. Tangu hapo alifika mpaka vijiji vya mbali kama Haneti na kurudi siku hiyo hiyo. Vijiji ambavyo havijawahi kuona chanjo vikaanza kumpigia simu.

Sasa alikuwa akichanja huku shingo imegeuka nyuma. Siku moja, kwenye boma la bibi mmoja, alimdondoshea kuku yule yule chanjo jichoni mara mbili, mwenzake akamruka, kwa sababu kijana fulani alikuwa amesimama karibu na pikipiki akiitazama. Kijana alikuwa akisubiri kuomba lifti tu. Evarista alirudi nyumbani anaona aibu.

Kesho yake alikwenda kwa Hashimu, fundi pikipiki Mrangi kutoka Kondoa, aliyekuwa na kibanda chake kando ya barabara kubwa. Hashimu alimsikiliza bila kuacha kufuta mikono.

"Mnyororo unamchelewesha mwizi dakika mbili, dada," alisema. "Nitakuwekea swichi ya siri. Ukiibonyeza, umeme unakatika. Mtu atapiga kiki mpaka goti litoke, haiwaki."

Akaifunga chini ya kiti, mahali ambapo kidole kinafika lakini jicho halioni. Akamwonyesha mara tatu. "Usimwambie mtu. Hata shemeji."

Evarista hakumwambia mtu. Akajizoeza: akisimama popote, hata dukani kununua chumvi, mkono wa kushoto ulipita chini ya kiti kabla mguu haujagusa ardhi. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alilala usingizi wa kweli.

Simu ilikuja Jumatano moja ya mwezi wa tatu, saa nne asubuhi.

"Mbukwa, Dokta," alisema mwanaume, taratibu, kwa salamu ile ya Kigogo inayomfanya mtu ajisikie yuko kwao. "Naitwa Luka. Kuku wangu wanakufa. Jana wamekufa thelathini na kitu."

"Mbukwa. Pole sana. Wanaharisha kijani? Wanapinda shingo?"

"Ndiyo. Hayo yote."

"Sasa nikuambie ukweli, ndugu yangu, chanjo haimponyi aliyekwisha kuugua. Watenge walio wazima kwanza, halafu…"

"Wewe njoo tu, Dokta," alimkatiza. "Njoo uone mwenyewe."

Akamwelekeza: apite nyumba za mwisho za Mkonze, apite wafyatua matofali, ashike njia ya kushuka bondeni mpaka kwenye uzio wa minyaa. Evarista alimwachia Filipo ujumbe kwamba anakwenda kwa mteja, akapanga barafu na vichupa vyake ndani ya boksi, akaondoka. Njiani aliwaza kuku thelathini wakifa kwa siku moja, na mke wa Luka akiwatazama.

Nyumba aliyoelekezwa ilikuwa pagale. Kuta zilifika kwenye lenta, hazina paa, na majani yalikuwa yameota ndani. Mwanaume mwenye kofia nyekundu alisimama kwenye uwazi wa uzio, akampungia mkono. Evarista alisimamisha pikipiki. Mkono wa kushoto ukapita chini ya kiti wenyewe, bila kuagizwa.

"Karibu, Dokta. Pole na jua," alisema kwa ile sauti ya taratibu ya kwenye simu.

"Ahsante. Kuku wako wapi?"

"Banda liko nyuma huko."

Alishuka. Alipiga hatua tano, sita, akasimama. Kwa miaka yote aliyofanya kazi hii hakuwahi kuingia kwenye kiwanja cha mfuga kuku asione unyoya. Hapa hapakuwa na unyoya. Hapakuwa na kinyesi, wala mchanga uliochimbuliwa, wala kopo la maji. Ardhi ilikuwa safi kama uwanja wa shule.

"Lete ufunguo nikusogezee pikipiki kivulini," alisema yule mwenye kofia, karibu yake mno. "Jua litakuharibia dawa."

"Dawa iko kwenye barafu," alijibu, na akasikia sauti yake imekuwa nyembamba kama ya Ruthu. "Ngoja, nimesahau bomba la kudondoshea dawa. Nakwenda kuchukua, narudi sasa hivi."

Alipogeuka alimkuta wa pili. Alikuwa ametokea nyuma ya ukuta, mnene, kimya, na panga ameliweka kando ya paja lake kama mtu anayekwenda shambani.

"Ufunguo," alisema.

Akautoa. Ukamponyoka ukaangukia mchangani, na yule mwenye kofia akauokota akitabasamu. Akapanda, akazungusha, akabonyeza. Kimya. Akapiga kiki. Akapiga tena, tena, mpaka shati likamnatia mgongoni. Pikipiki ilikuwa kimya kama jiwe.

Mnene akamgeukia Evarista. "Umeifanyaje?"

Hapo ndipo alipoelewa kwamba ile swichi iliyompa usingizi ilikuwa imemweka mahali pabaya kuliko mnyororo. Kama pikipiki ingewaka, wangekuwa wameshaondoka. Sasa walikuwa pale, na yeye alikuwa pale, na pikipiki isiyowaka katikati yao. Alikata shauri kusema: iko chini ya kiti, bonyezeni, nendeni. Alifungua mdomo aseme hivyo hivyo. Kilichotoka kilikuwa kingine.

"Plagi inasumbua. Huwa naisukuma ndiyo inawaka."

Hakujua uongo ule umetoka wapi. Mara ulipotoka, hofu yake iliongezeka maradufu, kwa sababu wangeweza kuinama wakati wowote, wakapapasa, wakajua.

"Basi sukuma," alisema mnene.

Yule mwenye kofia akabaki juu, ameshika usukani na gia. Evarista na yule mnene wakasukuma nyuma, bega kwa bega, kuteremka kuelekea korongoni. Alisikia harufu ya tumbaku kwenye nguo za mwanaume yule. Panga lilikuwa mkono wa kulia, na kila walipopiga hatua bapa lake liligusa sketi ya Evarista. Mwenye kofia aliachia klachi, pikipiki ikaruka kidogo, ikazima. "Tena!" Wakasukuma tena. Akilini mwake alikuwa anahesabu hatua, kwa kuwa hakuweza kuwaza kitu kingine.

Ukingoni mwa korongo njia iligeuka mchanga mtupu. Gurudumu la mbele likazama, usukani ukapinda, na pikipiki ikalala ubavu na kumbana mguu yule aliyekuwa juu. Alipiga ukelele. Mnene aliinama kumtoa.

Evarista alikimbia.

Hakukimbilia njiani. Alikimbilia shamba la uwele lililokuwa kulia, ambalo mwezi ule lilikuwa refu kupita kichwa cha mtu, akajitupa ndani, akatambaa kwa viwiko mpaka alipoona hawezi tena, akalala kifudifudi katikati ya matuta. Kiatu kimoja hakuwa nacho. Udongo ulikuwa na unyevu wa mvua ya juzi na aliuingiza mdomoni bila kujua.

Alisikia mabua yakivunjika.

"Dokta!" Ilikuwa sauti ya yule mwenye kofia, ile ile ya kwenye simu, taratibu. "Dokta, njoo. Tunakutania tu. Njoo uchukue pikipiki yako."

Mabua yakavunjika upande wa kushoto. Kisha karibu zaidi. Ndipo akakumbuka simu iliyokuwa mfukoni mwa blauzi. Filipo alikuwa na kawaida ya kumpigia mchana kumuuliza kama amekula. Aliitoa polepole, akifunika kioo kwa kiganja, na kidole gumba kikakataa kutii. Alibonyeza mara moja, mara mbili, mara ya tatu, akiiona saa pale juu, saa sita kasoro, hadi mwanga ulipozimika. Akaiweka chini ya tumbo lake na kuilalia, kana kwamba hata ikizimwa ingeweza kumsaliti.

"Dokta!"

Alikaa vile muda ambao hakuweza kuupima. Siafu walimpanda mguuni, wakamng'ata, hakujikuna. Sauti ilisogea mbali, ikarudi, ikasogea mbali. Halafu ukawa ukimya, na ukimya ule ulimtisha kuliko sauti, maana hakujua wamesimama wapi.

Kilichomtoa ni wanawake. Walikuwa watano, wanatoka kwenye palizi, majembe begani, wanacheka jambo fulani. Alitoka uweleni anatambaa, udongo usoni, mguu mmoja mtupu, akanyoosha kidole korongoni na kusema neno moja tu, wezi. Mmoja wao, mama mtu mzima, alimshika mabega. "We Dokta! Umefanywaje, mwanangu?" Alipoelewa, hakusubiri maelezo. Alipiga yowe, wenzake wakaitikia, na kule kwa wafyatua matofali watu wakaacha kazi zao wakaja mbio.

Pikipiki waliikuta korongoni imelala, taa imevunjika. Boksi la chanjo lilikuwa limepasuliwa kwa panga na vichupa vimetawanyika, barafu yote imekwisha kuyeyuka. Wezi walikuwa wameondoka. Alama ya mguu unaoburutwa ilionekana mpaka ng'ambo, kisha ikapotea kwenye mawe.

Polisi walimkamata yule mwenye kofia baada ya wiki tatu, akiwa Kongwa na pikipiki ya mtu mwingine. Evarista aliitwa kumtambua. Filipo alimshika mkono njia nzima, na pale kituoni Evarista aliposimama mbele ya safu ya wanaume, nusura ageuke arudi. Alimtambua. Alinyoosha kidole, akatoka nje, akatapika kando ya ukuta. Yule mnene hakupatikana. Mpaka leo Evarista akisikia harufu ya tumbaku kwenye nguo za mtu sokoni, huacha anachonunua na kuondoka.

Kwa mwezi mzima hakuchanja. Pikipiki ilikaa sebuleni na taa yake mpya, haiguswi. Filipo alimwambia waiuze, tena alimwambia kwa upole, bila kumlazimisha. "Tutarudi kwenye baiskeli, Mama Ruthu. Nitakusindikiza mwenyewe."

Mwezi ulipokwisha, alipiga simu mwanamke aitwaye Mwantum, ambaye hakumfahamu, kutoka upande wa pili wa Mkonze. Alikuwa na kuku wazima hamsini, na kwa jirani yake kuku walikuwa wameanza kufa tangu asubuhi.

Evarista aliitazama pikipiki. Alikaa kwenye kochi.

"Dada Mwantum, nisamehe," alisema. "Naomba uende bandani na simu. Nataka kuwasikia."

"Kuwasikia nani?"

"Kuku."

Upande wa pili kukawa na mshangao, kisha hatua, kisha mlango wa bati. Halafu wakaja wote kwa pamoja, mitetea ikilalamika, jogoo akijibu, vifaranga nyuma kama mvua ndogo. Evarista alisikiliza akiwa amefumba macho. Akauliza jina na namba ya mwenyekiti wa mtaa wa Mwantum, akampigia, akathibitisha nyumba. Akaandika kwenye karatasi jina, mahali na saa atakayorudi, akampa Filipo.

"Niende na wewe?" Filipo aliuliza.

"Panda nyuma," alisema. Aliendesha polepole, akitazama kila uzio mara mbili, mpaka walipofika kwenye lami.