Viazi vya Chini ya Pipa

Gizella alikuwa fundi cherehani wa mji mdogo huko Hungaria, na wivu wake kwa Etelka haukuanzia kambini. Ulianza siku mke wa mwoka mikate, mteja wake wa siku nyingi, alipompelekea Etelka kitambaa cha harusi ya bintiye, na maduka ya mafundi hao wawili yalikuwa yanatazamana. Mwaka wa 1944, wakati wa vita, Wayahudi wa mji ule, wao wawili wakiwamo, wakasombwa kwa treni hadi kambi ya Wanazi. Kambini wawili hao wakanyolewa vipara, wakalazwa ubao mmoja na wenzao sita. Ungedhani wivu ungekwenda na nywele. Thubutu!

Huko kila jambo lilihusu supu. Waliotangulia foleni waliambulia maji ya juu, waliochelewa walikuta pipa tupu. Viazi vilikaa chini, kwa hiyo ilibidi ukadirie pa kusimama. Etelka alikuwa na jicho hilo. Jioni kwa jioni alipata kiazi, na Gizella akapata maji na jani la kabichi. Roho ilimuuma kuliko njaa yenyewe. Akawa anawanong'oneza wenzake kwamba Etelka anajuana na mpakuaji. Uongo mtupu, na mwenyewe alijua.

Siku moja Etelka alirudi kutoka kuchimba mitaro akitetemeka kwa homa. Asiyeweza kusimama kwenye hesabu ya asubuhi aliondolewa, na hakurudi. Basi jioni ile Etelka akahesabu vichwa vya foleni, akajipanga pale penye kiazi. Gizella akaja, akampiga kiwiko, akasimama mbele yake.

"Shoga, leo niachie," Etelka alisema. "Miguu haina nguvu."

"Kwani foleni ya baba yako? Wewe wateja wangu uliniachia?"

Upawa ukakwangua chini. Gizella akapata viazi viwili. Mpakuaji akaliinamisha pipa, Etelka aone mwenyewe kuwa hakuna kitu.

Gizella akangoja matusi. Aliyataka, maana yangemrahisishia kumeza. Etelka akasogea tu, akamkinga kwa mgongo wake, ili wenye nguvu wasije wakampokonya.

"Kula upesi, Gizi," alisema.

Akavila vyote viwili, hakubakisha hata ganda. Na huku anatafuna, akamwonea wivu Etelka hata kwa moyo ule.

Asubuhi Etelka alishindwa kuinuka. Walipombeba kumpeleka, Gizella alikuwa wima mstarini, kwa nguvu za viazi vile.