Mgeni Niliyemficha Stoo

Mpaka leo sijui sir wangu anampenda nani. Huu ni mwaka wa tatu namfanyia kazi, mapokezi na chai, katika ofisi yake ya pampu za maji hapa Al Garhoud, Dubai, na bado ananichanganya. Ni Mhindi, tena Mhindi wa kujivunia nchi yake. Taarifa ya habari ikionyesha wanajeshi wa India na wa China wakitazamana kule milimani mpakani, anapiga meza kofi na kusema majirani hao si watu wa kuaminiwa hata kidogo. Papo hapo simu inalia, naye anaipokea kwa tabasamu: "Ndugu yangu, habari za siku nyingi?" Ndugu mwenyewe ni Mchina anayemuuzia mota. Pampu zikishaunganishwa kule India, wanunuzi ni Wamarekani, ambao anawasifu wakiwapo na kuwalalamikia wakiondoka.

Mambo haya yasingeninyima usingizi kama shida yangu isingekuwa mikononi mwake. Binti yangu wa miaka sita analelewa na mama yangu kwetu Kitale, Kenya, na nataka kumleta hapa. Chumba cha Al Baraha ninacholala na wenzangu si cha mtoto, na kupanga changu peke yangu kunataka kazi ya pili. Mama mmoja wa Kimarekani, mteja wetu wa pampu, amefungua ofisi karibu na uwanja wa ndege, akaniambia anataka nimfanyie kazi jioni. Lakini kafeel wangu, mdhamini wa viza yangu, ni sir, na bila idhini yake siendi popote. Nikawa nangoja kwanza nijue yuko upande gani, ndipo nimwombe.

Kwetu Kitale ugomvi ni ugomvi. Baba alipokosana na jirani juu ya mpaka wa shamba, hatukuazima kwao hata chumvi. Kukiwa na matanga, waliogombana hawakai hema moja. Nilipokuwa msichana, kazi yangu ilikuwa kuwapelekea chakula waliowekwa nyuma ya nyumba, wasije wakagongana macho na wale wa mbele. Nilikuwa hodari sana. Watu walikula, wakazika, wakaenda zao bila kutukanana.

Kwa hiyo siku yule Mchina alipofika, na yule mama wa Kimarekani yumo ndani na sir, sikungoja kuambiwa. Nilimpeleka mgeni stoo tunakochemshia chai, nikaondoa maboksi kwenye kiti, nikampa chai ya tangawizi na biskuti, nikafunga mlango. Alikuwa mtu mpole, hakuuliza neno. Nilirudi mezani kwangu nikijipongeza.

Sir akatoka. "Mgeni wangu yuko wapi?"

"Nimemficha, sir," nilinong'ona. "Hawataonana."

"Umemficha?" Alinitazama kama mtu aliyeletewa sahani isiyo yake. "Nani alikwambia? Nimewaita wakati mmoja makusudi. Nataka waonane. Yalla, mlete."

Nikamtoa Mchina wa watu stoo, kikombe mkononi. Walipeana mikono wote watatu, wakacheka, nami nimesimama na sinia yangu kama niliyepotea njia. Yule mama, ambaye hazungushi maneno, alimuuliza sir: "Siku Marekani na China zikigombana kweli, utakuwa upande wa nani?"

"Upande wa India," sir alijibu. "Jirani siwezi kumhamisha, basi namchunga huku nanunua kwake. Ninyi ni marafiki, nawauzia, lakini hamnichagulii ndugu. Kwa nini nichague mmoja na nawahitaji wote?"

Mchina aliitikia kwa kichwa. Yule mama akaagiza pampu zaidi ya alizokuja kuagiza. Sikuelewa nani kafurahi na nani kaudhika, ila maneno yale yalinipa moyo. Nikaona mtu anayesema hivi atanielewa.

Walipoondoka nikagonga mlango wake, nikamwomba ruhusa ya kumfanyia kazi yule mama, jioni tu.

"Hapana," alisema, wala hakuwa na hasira. "Yule ni mteja wangu. Kesho atakuuliza mota nanunua kwa bei gani. Kama unamtaka yeye, nenda kwake moja kwa moja. Chagua."

"Lakini sir, umesema hapa hapa, kwa nini uchague mmoja na unawahitaji wote?"

"Ile ni nchi," akasema. "Wewe uko kwenye viza yangu. Khalas."

Nilitoka nimechukia, na sikujua nimchukie nani. Labda kutochagua ni anasa ya wakubwa. Au labda nchi yake nayo, ikikaa na wakubwa kuliko yenyewe, huambiwa vivyo hivyo. Mwenzangu wa chumbani, Mkenya kama mimi anayelinda hoteli, nilipomsimulia alicheka. "Kwani huyo sir wako ako side gani? Wewe pia cheza kama yeye."

Nami nikacheza. Sir nilimwambia sawa, niko kwake. Yule mama nilimwambia anipe muda kidogo, inshallah nitakuja. Wote wawili walitabasamu, na sidhani kama kuna aliyeniamini. Kisha binti yangu akapiga kwa simu ya bibi yake, akauliza kama ni kweli anakuja Dubai. Nilimwambia anakuja. Yeye aliniamini. Mama anasema jana mtoto alimpa rafiki yake viatu vyake vya mvua, kwa sababu amesikia huku mvua hainyeshi.