Habari Kamili za Shubiri ya Takaba

Safari hii ililetwa na mdomo wangu. Nilimwambia mwalimu wetu wa Biolojia, mbele ya darasa zima, kwamba ayeeyo wangu, yaani nyanya mzaa mama, anatibu virusi kwa utomvu wa mshubiri. Mwalimu hakucheka.

"Nasra, Jumatatu nataka utomvu na ushuhuda. La sivyo, maonyesho ya kaunti wanakwenda wale wenye volkano ya soda ya mandazi."

Nishindwe na mandazi? Nikachora bango kwa wino mwekundu: SHUBIRI YAANGAMIZA VIRUSI! Mwalimu alikuwa ametueleza kwamba shubiri "huenda" ikazuia virusi, lakini neno hilo halikuenea kwenye karatasi.

Alhamisi alfajiri, likizo fupi ikiwa imeanza, niliondoka Garissa na mjomba wangu, Abti Yusuf, ndani ya lori lake la unga. Tulipopita Modogashe akaniuliza hiyo shubiri hasa inafanya nini.

"Abti, kirusi ni mgeni anayeingia jikoni kwako na karatasi yake ya mapishi. Yeye hapiki. Anamlazimisha mpishi wako aisome, na kinachopikwa humo ni wageni wengine."

"Namjua. Ni shemeji yangu."

"Sasa, kuna kemikali ndani ya shubiri ambayo huenda ikamzuia mpishi kuisoma ile karatasi."

"Na mgeni anafukuzwa?"

"Hapana. Anakaa tu, hazaliani."

"Niletee lita tano."

Wajir tulilala kwa binamu. Asubuhi, kwenye kizuizi, askari alilikunjua bango akapiga chafya juu yake. "Na mafua yangu je?"

"Vumilia mpaka Jumatatu, afande."

Ijumaa alasiri, Takaba. Ayeeyo alikuwa zizini na mbuzi wake. "Warran?" akaniuliza. Kwetu ukifika unatoa habari: malisho, mvua, mgonjwa ni nani, nani amezikwa. Nikatoa zote, kisha nikamsomea bango kwa sauti ya mnadani.

"Nani kakuambia hayo?"

"Wewe, ayeeyo! Si uliwapaka mbuzi wenye vidonda vya mdomo, vile vya virusi, wakapona?"

"Walipona. Na wa jirani yangu Hawo walikuwa na vidonda vilevile. Yeye hakupaka kitu. Nao wakapona."

 Mbuzi mmoja akaanza kutafuna pembe ya bango. Naye alikuwa na maoni yake.

"Ayeeyo, hiyo ya Hawo tuiache."

Chupa ya utomvu ilikuwa mkononi mwake. Akaificha chini ya shuka. "Mwaka mmoja wa ukame, mtu alituletea habari ya mvua upande wa mashariki. Alikuwa ameona mawingu tu. Babu yako akahamisha ngamia wote. Walirudi wawili. Nusu habari inaua, Nasra. Sikupi."

Nilibembeleza. Nilimkumbusha kwamba mimi ndiye mjukuu mzuri kuliko wote. Akasema hiyo nayo ni nusu habari.

Basi nikageuza bango, nikachukua kaa la jikoni, nikaandika nyuma huku nikisoma: SHUBIRI HUENDA IKAZUIA VIRUSI KUZALIANA. MBUZI WA AYEEYO WALIPAKWA, WAKAPONA. WA HAWO HAWAKUPAKWA, WAKAPONA. BADO TUNACHUNGUZA. Akanitaka nirudie kusoma mara tatu, kama anayesikiliza kesi. Ndipo chupa ikatoka.

Jumapili jioni tuliingia Garissa, mimi nimekumbatia chupa, nina unga mpaka kwenye kope.

Jumatatu mwalimu alilisoma bango la makaa. "Nani alikufundisha kulinganisha waliopakwa na wasiopakwa?"

"Mbuzi wa Hawo, mwalimu."

Volkano ikawa ya pili. Nilitoka mbio kumpigia ayeeyo simu.

"Warran?"

"Tumeshin—" Nikajikamata. "Shule imenichagua. Maonyesho bado. Shubiri bado haijulikani. Na kona ya bango imeliwa."

Nikamsikia akicheka. Nilichojifunza ni kwamba jirani asiyepaka kitu naye ana habari, na isiposemwa, yako haijatimia. Lakini zawadi yangu kubwa ilikuwa maneno ya ayeeyo kabla hajakata simu:

"Sasa wewe naweza kukutuma ukatazame mvua."