Furu Yangu na Madoa Meusi

Musinicheke haraka. Mimi ni fundi wa kujenga furu, tanuri za kuchoma mukate, hapa Kasongo, na jina langu linasimama juu ya jambo moja tu: mukate usiungue.

Mama Zaina, aliyejifunza kupika pizza ya Napoli kule Bujumbura, alinipa kazi ya kujenga furu ya resto yake, nyumba ya kuuza chakula. Siku ya kufungua nikavaa shati langu la Idi, nikaketi karibu na mulango wa jikoni. Sahani ya kwanza ikapita: pizza iko na madoa meusi pembeni kote. Ya pili, vilevile. Jasho likanitoka. Na wageni kutoka Kabambare, waliotaka niwajengee furu yao, walikuwa meza ya mbele!

Nikasimama, nikashika kisu.

"Munisamehe, ndugu zangu! Kosa ni langu, si la Mama. Hii furu kesho naibomoa!"

Nikapita meza kwa meza, nikikwangua weusi kwenye pizza za watu. Walishangaa, lakini nani atabishana na fundi mwenye kisu?

Mama Zaina akatoka jikoni, akashika kichwa.

"Fundi! Wiki nzima nachochea moto nipate madoa hayo. Bila madoa, si pizza ya Napoli!"

Moyo ukatua. Kumbe furu yangu iko muzima!

Mugeni mumoja wa Kabambare akatazama sahani yake iliyokwanguliwa, kisha akanitazama mimi.

"Fundi, furu yako tunaitaka," akasema. "Lakini hicho kisu kibaki Kasongo."