Jina la Mwisho Mlangoni

Asubuhi hiyo nilitoka mtaa wa Najma na begi moja, chumba changu kimepewa mtu mwingine, sijui nitalala wapi. Nikapanda basi la umeme kwa sababu tu lilikuwa kimya kuliko mengine. Jirani yangu kitini, mwanafunzi Mkenya, alikuwa akihesabu kwenye kompyuta majina ya watafiti walioandika kuhusu kifaa kinachogeuza umeme wa betri ili uzungushe mota. Alitaka kujua nani huandika na nani.

"Umewahi kukiona chenyewe?" nikamuuliza.

"Mimi nahesabu waandishi tu, bro."

Shule niliacha mapema, lakini kwenye gereji niliwahi kufungua kimoja. Nikamchorea nyuma ya risiti jinsi umeme unaokwenda upande mmoja unavyokatwakatwa upesi hadi uwe wa kwenda na kurudi. Akafurahi, akanilipa kwa elimu yake: "Kwenye makala, jina la kwanza ni la aliyefanya kazi. La mwisho, mara nyingi, ni la bosi."

Tuliposhuka mtaa wa Al Sadd nikamwambia sina pa kulala.

"Kwetu kuna kitanda kitupu."

Mlangoni kwao palikuwa pamebandikwa karatasi yenye majina manne ya wakaaji. Akaongeza langu chini kabisa.

"Kumbe mimi ndiye bosi," nikasema.

"Hapa wa mwisho huosha sufuria."

Nikaziosha zote nikiimba.