Dawa ya chunusi niliyoimeza kwa siri ukweni Usagara

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimyakimya, leo nimeamua kuandika. Kisa hiki kimenipata mimi mwenyewe hapa Mwanza, nilichobadilisha ni majina tu. Atakayeona ni chai ya kutunga apite zake, sitamshika shati.

Nianze na sura yangu maana ndiyo chanzo.

Nina miaka thelathini na kitu, fundi wa madirisha ya aluminiamu, naishi Buhongwa. Chunusi zilinianza sekondari. Wenzangu zikawaisha, zangu zikahamia kidevuni na mgongoni zikajenga kabisa. Nimepaka mwarobaini, nimepaka ndimu, nimepaka dawa ya meno, nimebadilisha sabuni mpaka nikachoka. Bibi mmoja jirani akanihakikishia kwamba nikioa zitaisha. Basi nikasema ngoja nioe.

Mchumba nilikuwa naye tayari, tumwite Kabula. Kwao ni Usagara, Wasukuma wa ng'ombe na mpunga. Baba yao alishafariki, kwa hiyo kichwa cha familia ni kaka yake mkubwa, Shija. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshapokelewa na ndoa imeshapangwa.

Nikaona aibu kupiga picha za harusi na uso ule. Nikaenda mjini kwa daktari wa ngozi.

Daktari akaniangalia, akanigeuza mgongo, akasema hizi za kwako hazitaki kupaka tu. Akaniandikia kapsuli za kumeza. Doxycycline.

Wanaume wenzangu, doxy mnaijua. Kijiweni kwetu ina kazi moja tu inayofahamika, na kazi hiyo siyo chunusi. Kuna rafiki yangu alipewa aliporudi kutoka machimboni, na kila mtu alijua ni magonjwa ya zinaa.

Nikaanza kujiuliza. Huyu daktari ameona nini kwangu? Mbona ametabasamu wakati anaandika? Nikaingia Google, nikakuta ni antibayotiki, inatibu mengi, na chunusi imo. Bado roho haikutulia.

Niwe mkweli, mimi ni mtu wa kushuku. Soda ikiletwa imefunguliwa siinywi. Mtu akinisifia sana kazi najua kuna kitu anataka. Nimeishi hivyo, na si mara moja imeniokoa.

Pale famasi dada alikuwa na maelezo yake. "Kaka subiri, hii dawa ina masharti," anasema kwa sauti, boksi kalishika juu kila mtu analiona. Nageuka nyuma kwenye foleni, nakutana macho kwa macho na mama mmoja wa jumuiya yetu. Nikamwambia dada nimeelewa, nikachukua bahasha nikaondoka. Nilichosikia ni asubuhi na jioni. Mengine yalibaki palepale kaunta.

Wiki hiyohiyo nikaitwa ukweni nikamsalimie bibi yao, kwamba anataka kumwona mkwe kabla ya ndoa. Asubuhi niliondoka kwa haraka, hata kapsuli ya kwanza sikuwa nimemeza. Nikaitoa kwenye pakiti yake, nikaifunga kwenye kikaratasi, nikaiweka mfukoni.

Sasa mumjue kidogo huyu Shija. Alikuwa na rafiki yake mwenye lori la mpunga, na kwa jinsi nilivyosikia, alitamani huyo ndiye awe shemeji yake. Mimi aliniita "fundi". Hata siku ya mahari aliniita fundi.

Mchana tukakaribishwa chakula mimi na yeye. Ugali, mchicha, na sato wa nyanya. Mama mkwe alinisalimia kutoka mlangoni, uso kaugeuzia pembeni, kama inavyotakiwa. Shija akaninawisha, akanisogezea sato mzima mbele yangu. Yeye akala ugali na mchicha.

"Mbona samaki huli?" nikamuuliza.

"Kula fundi. Mimi nimeshiba."

Mtu ameshiba, lakini anapiga matonge ya ugali kama kawaida. Nikalihifadhi hilo kichwani.

Baada ya kula jua lilikuwa kali, nikaonyeshwa chumba nipumzike. Nikakumbuka kapsuli. Kuomba maji ya kunywa wakati nimetoka kunywa maji mezani, wataniuliza ya nini. Na Kabula alikuwa anapitapita pale koridoni. Nikaitupia mdomoni, nikaimeza kwa mate, nikajilaza chali.

Nilipoamka kuna kitu kimekaa kifuani. Nikapewa chai kabla ya kuondoka, funda la kwanza likashuka linachoma. Nikajikaza nikaaga.

Kesho yake asubuhi wakuu, hata mate yalinishinda. Nikimeza, moto unapita katikati ya kifua mpaka mgongoni. Nikakaa kitandani nikaanza kuunganisha. Nilikula wapi jana? Ukweni. Nani alinisogezea samaki? Shija. Nani hakumgusa yule samaki? Shija. Nani hakunitaka tangu mwanzo?

Nikapata jibu. Nimelishwa kitu.

Jamaa yangu wa karakana akanambia kunywa maziwa, maziwa yanakata sumu. Nikawa nashindia maziwa na uji mwepesi. Na zile kapsuli sikuziacha, tena niliziona ndizo kinga yangu, angalau zimetoka kwa daktari. Namezea funda moja dogo maana maji mengi yanaumiza, halafu najilaza nisikilize kama sumu inapungua. Haikupungua. Kila siku afadhali ya jana.

Hospitali sikwenda. Niliogopa kuambiwa ni kweli.

Kabula akanipigia kuuliza mbona kimya. Nikashindwa kujizuia.

"Muulize kaka yako aliniwekea nini kwenye samaki."

Akasema, "Unajua yule samaki alipika nani?"

"Mimi nasema kaka yako."

"Alipika mama," akasema, akakata simu.

Maneno hayo yalifika Usagara kabla jua halijazama. Shija akatuma ujumbe kwa baba yangu mdogo, kwa sababu ndiye mshenga wetu: mleteni kijana wenu, na ng'ombe wenu mje mwachukue.

Hapo ndipo niliogopa kweli. Kabula nampenda wakuu. Lakini nikiwaza kuoa nyumba iliyonilisha sumu, najiambia bora nibaki na chunusi zangu na uhai wangu.

Tukaenda. Tukaketi sebuleni, wao na sisi, hakuna anayecheka. Kabula alikaa kwenye kona, macho yamevimba. Kabla ya mazungumzo chakula kikaletwa, maana hata ukija kuvunja uchumba, mgeni ni mgeni. Kila mtu sahani yake. Yangu ikawekwa mbele yangu, wali na kuku.

Nikasema, "Asanteni, nimeshiba."

Baba mdogo akanikanyaga mguu. Sikugusa.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni kama kawaida yake. Akaja. Wakuu, kwa msiojua, kwa mila za kule mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakai mkeka mmoja. Hata kupishana njiani mmoja anakaa pembeni. Kula pamoja ndiyo usiseme. Yule mama akaja akaketi chini, mbele yangu kabisa, akavuta sahani yangu.

"Baba," akaniambia, "siku ile nilipika mimi. Na leo nimepika mimi."

Akachukua wali kwa mkono akala. Akachomoa nyama akala. Akachukua tena. Alitafuna taratibu huku machozi yanamshuka, na hakuna mtu aliyethubutu kumzuia. Shija alikuwa anatazama ukuta. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Alipomaliza nusu akanirudishia sahani. "Kama imo, tutakufa wote wawili," akasema, akanyanyuka akarudi ndani.

Baba mdogo akasimama. "Jamani tusameheni. Huyu mtoto anaumwa, mnamwona alivyokonda. Tumpeleke kwanza hospitali, mambo ya ng'ombe yatasubiri."

Aliyetupeleka ni Shija mwenyewe, kwa pikapu yake. Kabula akapanda nyuma pamoja nami. Hakunisemesha, lakini gari lilipokuwa linarukaruka alinishika mkono.

Daktari alikuwa mama wa makamo. Nikaeleza maumivu. Kabula na Shija wamesimama palepale, wamegoma kutoka, wanataka kusikia hiyo sumu kwa masikio yao.

"Kuna dawa yoyote unatumia?" daktari akauliza.

"Hakuna."

Akaandika. Akaniangalia tena usoni. "Na hizi chunusi, hujapewa kitu chochote?"

Pima mwenyewe hapo. Nikisema hapana, Shija anabaki muuaji na ndoa imekufa. Nikisema ndiyo, natoa doxy mbele ya mchumba na kaka yake.

Nikatoa kikaratasi mfukoni, nikakifungua, kapsuli ya jioni ikaonekana.

Shija akachungulia. "Hii si ile ya..." Akaishia hapo, akamwangalia dada yake. Kabula akaniachia mkono.

Nilivyowaangalia wale watu kwa wiki nzima, ndivyo walivyoniangalia mimi. Iliniuma kuliko kile kifua.

Daktari hata hakushtuka. "Hii tunawapa watu wa chunusi kila siku. Haya, unaimezaje?"

"Hivihivi."

"Bila maji?"

"Ya kwanza kwa mate. Hizi nyingine funda moja."

"Halafu?"

"Najilaza."

Akaweka kalamu chini. Akatueleza kwamba kapsuli hii ukiimeza kavu halafu ukalala, inaganda njiani kwenye umio, njia ya chakula, inayeyukia hapohapo na kuunguza. Mimi nilikuwa na kidonda, na kila kapsuli niliyomeza vile ilikuwa inakiongeza. Inatakiwa glasi nzima ya maji na ukae wima, usijilaze mara moja. Akaniuliza pale famasi hawakuniambia? Nikasema waliniambia. Akanisimamishia zile kapsuli, akanipa dawa ya maji ya kufunika kidonda, akasema nikipona nirudi kwa daktari wa ngozi anibadilishie.

Kabula akauliza maswali mawili zaidi, kwa sauti ndogo, kuhusu kile mnachokijua. Daktari akamjibu. Mkono ukarudi.

Tulipotoka nje nikamfuata Shija kwenye gari. Nikamwambia, "Shemeji, nisamehe." Akaitikia kwa kichwa. Ilitakiwa niishie hapo, lakini mimi ndiye mimi, mdudu wa kushuku bado ananitafuna.

"Ila niambie kitu kimoja. Siku ile kwa nini hukula samaki?"

Akafungua mlango wa gari.

"Samaki walikuwa wawili," akasema. "Mmoja wako, mmoja wa bibi."

Akaingia kwenye gari akawasha.

Nikapanda nyuma alipokuwa Kabula.

Ng'ombe hawakurudi. Ndoa tulifunga, na Shija ndiye aliyesimamia jiko la wapishi. Kifua kilipona. Chunusi nilibadilishiwa, sasa napaka dawa ya usiku na zimepungua sana, ingawa mgongoni bado zina ubishi.

Somo ni hili. Ukipewa antibayotiki za chunusi, zisikupe aibu, na msikilize mtu wa famasi hata kama nyuma yako amesimama askofu. Maji glasi nzima, kaa wima. Usijiandikie mwenyewe kwa sababu umeona zangu. Na mwambie mwenzio unachomeza, kwa sababu nilichokificha mimi kilikuwa dawa ya vipele tu, na kilikaribia kubomoa nyumba mbili.

Lakini kilichonifanya nifungue uzi ni kingine.

Mama mkwe alinisamehe. Nilikwenda na baba mdogo, nikapiga magoti, akasema yameisha. Tunasalimiana vizuri. Ila tangu siku ile kila nikienda Usagara, chakula changu analeta yeye mwenyewe. Anasimama mbele yangu na mbele ya watu wote, anamega tonge la kwanza kutoka kwenye sahani yangu, anakula, anameza, ndipo ananiwekea.

Sioni hasira usoni kwake. Wala sioni mzaha. Nimeshindwa kujua kama ananiadhibu au anadhani ndivyo ninavyotaka kuhudumiwa. Kabula naye nikimuuliza anasema, "Mwulize mwenyewe."

Jumapili iliyopita nikajipa moyo. Nikamwambia, "Mama, inatosha. Nakuomba."

Akaniwekea sahani vizuri, akageuzia uso pembeni. "Kula baba," akasema. "Nimeshaonja."

Wenye wakwe wa aina hii naombeni ushauri, na wenye matusi pia karibuni, nimeyastahili. Mtu anafanya nini ili mama mkwe aache kuonja?